Mwani wa Maji ya Zizi: Faida Iko Wapi?

Ndugu wafugaji, kuotesha mwani kwa maji yenye samadi si kazi. Kazi ni kuuvuna. Ukielea bwawani, lita 1,000 za maji hukupa takriban nusu kilo tu ya mwani mkavu, na umeme wa kuutenganisha hula faida kabla mteja hajabisha hodi. Afadhali mwani ulioshika wavu. Mtindo huu aliubuni Walter Adey wa Smithsonian, taasisi ya utafiti na makumbusho ya Marekani, na watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani wakaujaribu Beltsville, Maryland, kwa samadi ya ng'ombe wa maziwa.

Chimba mfereji mpana usio na kina, wenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Tandika turubai la plastiki, juu yake wavu wa nailoni. Kichwani weka ndoo inayojipindua ikijaa, maji yashuke kwa mawimbi, na pampu iyarudishe. Tope la biogesi, yaani samadi iliyokwisha kutoa gesi mtamboni, lichujwe, kisha litiwe kidogo kidogo kila siku. Kwangua kila wiki. Ukichelewa, tabaka la chini hukosa mwanga, huoza, na zulia zima hubanduka.

Adui mkubwa ni amonia. Mchana mwani hufyonza kaboni dioksidi na pH, kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, hupanda. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 8, amonia yenye sumu ni karibu asilimia 5 ya amonia yote iliyomo majini. Ikifika 9, inapita theluthi. Basi pima pH saa nane mchana; kipimo cha asubuhi kitakudanganya.

Beltsville, mifereji ya mita za mraba 30 ilitoa gramu 2.5 hadi 25 za mwani mkavu kwa mita ya mraba kwa siku, kadiri samadi ilivyozidishwa.

Tuje kwenye bei. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mwani wenye naitrojeni asilimia 5 utahitaji kilo 460 kuufikia, kwa hiyo msishindane na yuria. Wauzieni wenye vitalu: naitrojeni hii hutoka polepole, na kule Beltsville miche ya mahindi na matango ilikua sawa na ya mbolea ya dukani. Kutengeneza dizeli kusahauni, mwani wa wavuni hauna mafuta ya maana. Wa kulishia kuku upimwe kwanza. Maji ya kuogeshea kwato yenye mrututu yasiingie kabisa mferejini: shaba iliyomo kwenye mrututu huua mwani, na unaosalia huibeba hadi kwenye chakula.