Mshtuko Hupandwa Ukurasa wa Kwanza

Tusizungushane. Nyie mnaoniletea hadithi za mapenzi ambazo mwishoni msichana kumbe ni mzimu, au jamaa anazinduka, kumbe alikuwa anaota: acheni. Huko ni kumkimbia msomaji anayekudai.

Chukueni "Hanshin" ya Moto Hagio, manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya mwaka 1984. Kurasa 16 tu. Naona mnaguna, "tena hiyo?" Ndiyo, tena hiyo, mpaka muisome. Mapacha wa kike wameungana. Mmoja mzuri kama malaika, ila akili haikukua. Mwenzake, ndiye anayesimulia, ana akili zake timamu lakini amekauka, nywele za kuhesabu, maana lishe yote ya mwilini inaishia kwa dada yake. Anambeba, anamtunza, na sifa anazoa yule mzuri. Anamchukia, na nani atamlaumu? Wanafika miaka 13, daktari anasema wakiachwa hivyo watakufa wote. Wakitenganishwa, mzuri ndiye atakayekufa.

Wanapasuliwa. Msimulizi anakwenda kumwona dada yake kitandani, anakuta uso uliosinyaa, uso wake mwenyewe wa zamani. Dada anafariki. Huyu aliyebaki ananenepa, nywele zinaota, anapendeza. Siku moja anajitazama kwenye kioo: anayemtazama ni dada yake. Sasa aliyekufa ni nani? Na mbona analia hivyo kwa mtu aliyemchukia?

Hagio hakutuficha kitu! Habari ya lishe tuliambiwa mapema, tukaipita kama maelezo ya ugonjwa tu.

Kuna mtu atasema nimewamalizia uhondo. Uhondo unaoisha kwa kusimuliwa haukuwa na kina. Mwingine atasema hayo ni mapenzi ya ndugu, si ya wachumba. Haya, huyu hapa mchoraji mwingine wa manga, Fumi Yoshinaga, na hadithi yake: mwanamke anatafutiwa mume, anampata mwanamume mwema, wanapendana, halafu yeye anakwenda kuwa mtawa. Babu yake alimfundisha tangu utotoni asimbague mtu, naye akagundua kwamba kumpenda mmoja ni kuwabagua wengine. Mzimu wa nini hapo?

Halafu ukurasa. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo fremu, yaani kisanduku cha picha, ya chini kabisa upande wa kushoto ndiyo ya mwisho kuonwa kabla ya kufunua ukurasa. Mchoraji mjanja anaweka hapo mkono kwenye kitasa cha mlango. Aliye nyuma ya mlango yuko ng'ambo ya karatasi. Kwenye simu mnasoma ukurasa mmoja mmoja, basi kila ukurasa unakuwa wa kufunua, na ule aliouchagua mchoraji haujulikani tena. Msinijibu kwamba karatasi ni ghali. Najua ni ghali.

Nilitaka pia kugusa vitabu vya mikusanyo ya hadithi fupi kama hizi. Hadithi hizi nyingi hutoka kwanza kwenye majarida, kila moja peke yake, ndipo zinakusanywa kitabuni. Na kitabuni, ukifika hadithi ya nne umeshakaa mkao wa kushtuliwa. Mpangilio wake ni kazi ya... Naam, mwenyekiti, nimeuona mkono. Maswali.