Dakika Moja Ina Sekunde 60

Mhadhara kwa wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu, kabla ya kuingia wodini

Asanteni, kaeni. Ratiba inasema nizungumzie mambo sita. Nitazungumzia moja, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mengine muda ukibaki, na waliowahi kunisikia wanajua huwa haubaki.

Jumatatu mtaingia wodini na makoti yamepigwa pasi. Fungua faili lolote, tazama safu ya upumuaji. Utakuta 20, 22, 24, 20, 24. Namba shufwa tupu. Tangu lini mapafu ya wodi nzima yakakubaliana kususia namba witiri? Mtu amehesabu nusu dakika akazidisha mara mbili. Au hakuhesabu kabisa, kaandika 20 kwa sababu 20 haigombani na mtu.

Naona mnanitazama: nusu dakika mara mbili si ndiyo dakika? Kwa hesabu za shule ya msingi, ndiyo. Kwa kichanga, hapana. Kichanga huhema harakaharaka, hutulia sekunde tano hivi, kisha huanza tena. Ukikidaka kwenye mbio umekipa nimonia, ukikidaka kimetulia umekinyima. Na wale wa sekunde 15 mara nne ndio wananitia wazimu. Chukua mtoto wa miezi 7 mwenye kikohozi. Umri huo, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Ukihesabu 12 unapata 48: arudi nyumbani, ni mafua. Ukihesabu 13 unapata 52: nimonia, aanze amoksilini. Hamsini yenyewe huipati hata ukeshe. Pumzi moja iliyokupita mama alipokuwa anaweka kanga sawa imebadilisha ugonjwa. Chini ya miezi 2 kikomo ni 60. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya mitano ni 40. Namba hizi tatu asikuone mama unazitafuta kwenye simu.

Namna ya kuhesabu. Usimguse mtoto kwanza. Kipimajoto kingoje, stethoskopu ingoje, maana akishalia hesabu imekufa. Ananyonya? Subiri amalize. "Mama, naomba umpandishie fulana kidogo." Simama ubavuni, mwanga uangukie kifuani, jicho lako likae pale kifua kinapokutana na tumbo. Kikipanda kikashuka ni moja, si mbili. Namba ikivuka kikomo, hesabu dakika nyingine. Ukiwa hapohapo tazama mbavu za chini: akivuta hewa, panaingia ndani badala ya kutanuka? Hilo mama ameshaliona kabla yako, atakwambia "anahema juujuu" au "mbavu zinambana." Lakini ukimuuliza "ana shida ya kupumua?" atakujibu hana, kwani pua haijaziba. Andika maneno yake kama yalivyo, Kiingereza chako kisubiri raundi.

Na mje na saa yenye mshale wa sekunde. Kioo cha simu kinazimika sekunde ya 30, na nashuku huko ndiko nusu dakika ilikozaliwa.

Mtu mzima hesabu bila kumwambia. Akijua anatazamwa, anabadilisha pumzi. Mshike kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, maliza mapigo, usimwachie, hamishia macho kifuani, dakika nyingine. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya 12 na 20. Ukipata 34 na kifua kikasikika kisafi pande zote, usiandike "kifua safi" ukafunga faili! Huyo anaweza kuwa anapumua kwa sababu damu imejaa asidi: kisukari kilichopanda, figo zimefeli, malaria kali, maambukizi kwenye damu. Au damu yenyewe imepungua. Pima sukari kabla hujaomba eksirei.

"Lakini oksimita ipo." Ipo, hicho kibanio cha kidoleni, na nafurahi ipo. Inakwambia oksijeni kwenye damu ni asilimia 97. Haikwambii kwamba mgonjwa anahema mara 36 kuishikilia hiyo 97, na kwamba kufikia alfajiri atakuwa amechoka. Kidole cha baridi kinaidanganya, kucha yenye rangi nzito inaidanganya. Aliyelala chumba kimefungwa na jiko la mkaa linawaka atasoma 98 huku anakufa, maana mashine haitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya mkaa.

"Muuguzi ameshapima." Muuguzi ana wodi nzima, dawa za saa kumi na mbili, na ndugu wanaouliza mgonjwa wao kapelekwa wapi. Wewe hujui chochote bado, samahani kusema hivyo, ila una muda. Kwenye wodi nzima ni wewe tu uliye nao. Bingwa hana, registra anayesomea ubingwa hana, intani hata chai hajanywa.

Nimeonyeshwa saa. Haya, mbiombio. Kuwasilisha mgonjwa: umri, jinsia, tatizo na limeanza siku ngapi, vyote kwenye sentensi ya kwanza. Kabila na dini si utambuzi wa ugonjwa. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, iende moja kwa moja kwenye kisanduku. Ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa saa hiyohiyo, si baada ya raundi. Dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa chache, mwisho saa 72, unazimeza siku 28. Ambaye hajamaliza chanjo ya homa ya ini B anione mlangoni. Kitabu cha sahihi za kazi mlizofanya wodini tukiache, mtajifunza wenyewe kumkimbiza registra kwenye ngazi.

Dakika mbili zilizobaki: toeni saa, mhesabu jirani wa kushoto. Ameshajua, kwa hiyo atapumua vibaya, hesabu hivyohivyo. Anayeniletea 20 anahesabu upya.