Asumini Haichemshwi: Mhadhara juu ya Kutoa Mafuta ya Harufu Nyumbani

Mheshimiwa Mwenyekiti, shehe wetu, mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wote wa hapa Lindi, pamoja na mliofunga safari kutoka Mtwara, asalaam alaykum, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nieleze namna ya kutoa mafuta ya harufu katika maua ya uani mwetu na namna ya kuyasafisha mpaka yafae kupakwa au kuuzwa. Naanza na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuunguza maua mengi, nalo ni kwamba si kila ua huingia sufuriani. Harufu ya mlangilangi hustahimili mvuke. Ya waridi hustahimili pia, ila sehemu yake kubwa hubaki katika maji. Ya asumini huharibika. Kwa hiyo, kabla hujauliza bei ya chombo, litazame kwanza ua ulilonalo.

Kazi ya mvuke ni rahisi kuieleza. Mafuta haya yakiwa peke yake huchemka kwenye nyuzijoto zaidi ya 150, na baadhi yake zaidi ya 200, lakini yakichemshwa pamoja na maji huinuka na mvuke kabla hata joto halijafika nyuzi 100. Mvuke ukikutana na kitu cha baridi hugeuka maji tena, na mafuta hujitenga. Nyumbani, chukua sufuria pana ya chuma cha pua, weka tofali safi katikati, juu yake bakuli, mimina maji kuzunguka tofali, tia maua, kisha funika kwa mfuniko uliogeuzwa juu chini na kuwekwa barafu. Mvuke utagonga mfuniko na kudondokea bakulini. Mwenye uwezo zaidi atatumia sufuria ya presha na bomba la shaba lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi. Bomba hilo liwe jipya, kwa maana lile lililotolewa katika jokofu bovu huwa na mabaki ya oili ya mashine, na maungio yake yasichomelewe kwa risasi. Mpira wa plastiki usitumike, kwa sababu mafuta ya harufu huula na kubeba harufu yake. Niongeze kwamba chombo hiki hakina tofauti kubwa na kile cha wapika gongo, na katika mikoa yetu ya mabibo kila mtu anakijua. Basi mwarifu mwenyekiti wa mtaa mapema, kabla jirani hajamwarifu yeye.

Kwa kujifunza, nashauri tuanze na mchaichai, ingawa ni jani na si ua, kwa kuwa ni wa bei nafuu na haumfichi mtu kosa lake. Mchaichai uliokatwa na kuachwa unyauke nusu siku, ukapikwa kwa muda wa saa moja au mbili, unaweza kutoa gramu tatu hivi za mafuta kwa kila kilo. Mkono ukishazoea moto mdogo usiobadilika, ndipo uende kwenye mlangilangi. Majirani zetu wa Komoro, ambao ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta hayo, huchuma maua asubuhi yakiwa yamekuwa ya manjano kabisa na yana wekundu kidogo kwenye shina la petali, na huyapika siku hiyo hiyo. Upikaji wao unaweza kufika saa 20, na mafuta hukingwa kwa mafungu: yanayotoka mwanzo ndiyo yenye harufu tamu zaidi na bei ya juu, na yanayofuata hushuka daraja. Sisi wa sufuria moja hatuna haja ya kukesha. Tukinge ya mwanzo, yanatosha.

Waridi nitalipita haraka. Kilo moja ya mafuta yake huhitaji petali zaidi ya kilo 3,000, kwa hiyo kilo moja ya petali itakupa matone machache tu, pengine yasionekane kabisa. Kinachopatikana nyumbani ni marashi ya kutia kwenye mrashi, na hayo ni mazuri kwelikweli, kwa kuwa sehemu muhimu ya harufu ya waridi huyeyuka katika maji.

Sasa usafishaji. Yanayodondoka huwa maji yenye ukungu, nayo yahamishiwe kwenye chupa ndefu nyembamba, yatiwe chumvi kidogo, yaachwe yatulie. Chumvi huyafukuza mafuta kutoka katika maji, na chumvi hapa pwani si kitu cha kutafuta. Mafuta mengi huelea; ya karafuu huzama, kwa hiyo usije ukayamwaga ukidhani ni mashapo. Yavute taratibu kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, kisha yaweke kwenye friza: maji yaliyobaki yataganda chini, na mafuta ya mchaichai au ya mlangilangi utayamimina yakiwa bado ni maji maji. Yachuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Yakiwa na harufu ya jungu, usihofu; funika mdomo wa chupa kwa kitambaa siku chache mahali penye ubaridi, itapungua. Usiyarudishe motoni kwa nia ya kuyakausha.

Nije kwenye asumini, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonileta. Ua hili lina tabia ya pekee: hata likichumwa huendelea kutoa harufu kwa saa nyingi. Ukilichemsha, unaiua harufu ambayo bado haijazaliwa. Wafaransa wa Grasse, mji wao wa manukato, walilitandika juu ya vioo vilivyopakwa shahamu ili iinyonye harufu polepole, lakini shahamu hiyo kwa kawaida ilichanganywa na ya nguruwe, na hapa haina nafasi. Mafuta ya nazi nayo huganda kwenye nyuzi 24 hivi, na joto letu haliyaruhusu. Ila kaskazini mwa India wapo waliotumia ufuta, na ufuta, ndugu zangu, ndio tunaoupeleka ghalani kila msimu ukauzwe mnadani!

Chuma vitumba vya asumini jioni, kabla havijafunguka, vikiwa vikavu. Tandika kitambaa cheupe cha pamba kwenye ungo, mwaga ufuta mweupe uliopepetwa na usiokaangwa kwa kina cha kidole kimoja, panga maua juu yake, mwaga ufuta mwingine, kisha funika. Usiku maua yatafunguka humo ndani, na punje, kwa kuwa zina mafuta, zitainyonya harufu. Alfajiri yachekeche maua yaliyogeuka rangi, anika ufuta kivulini ili unyevu utoke usije ukaota ukungu, na jioni rudia kwa maua mapya. Rudia mpaka ukisaga punje chache kiganjani zinukie asumini kuliko ufuta. Kisha kamua kwa mashine ya mkono. Mashine kubwa inayopata moto itakurudisha kule tulikokukimbia.

Utakachopata ni mafuta ya ufuta yenye harufu ya asumini, na muuzaji mwaminifu ayaite hivyo, asiyaite mafuta halisi ya asumini. Yapo maelezo ya kuyaosha kwa spiriti ili kuitenga harufu peke yake, lakini spiriti nyingi za madukani zimetiwa sumu, na mvuke wake hulipuka karibu na jiko. Tuishie kwenye mafuta. Ukitaka kupima unachouziwa wewe, dondosha tone kwenye karatasi: mafuta ya harufu yaliyo safi hupeperuka, yaliyochanganywa na mafuta ya kula huacha doa lisilokauka.

Mafuta ya sufuriani yasipakwe yalivyo. Tone moja au mawili katika kila matone 100 ya mafuta ya nazi yanatosha, na mchaichai uwe mdogo zaidi, kwa kuwa huwasha ngozi. Yasinywewe, yakae mbali na watoto, katika chupa nyeusi iliyojazwa mpaka shingoni.

Sufuria iliyopo mezani imeanza kudondosha mchaichai. Mama zangu wa safu ya mbele, sogeeni muone jinsi ukungu unavyopanda juu ya maji, na mwenye swali aulize akiwa hapa hapa karibu na moto.