Mama wa Temeke, baleti nayo ni kazi

Habari zenu ndugu zangu wa Dar, kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Leo namjibu mama mmoja wa Temeke. Mwanawe wa kiume, miaka 12, ameona baleti, ile dansi ya jukwaani ya Ulaya, kwenye simu na sasa anashinda akiruka sebuleni. Baba mtu anauliza: hiyo nayo ni kazi?

Ni kazi, mama. Hili jumba nyuma yangu ni Palais Garnier, la Opera ya Paris, taasisi ya muziki na baleti ya Ufaransa. Wachezaji wa humu wana mkataba na mshahara, na kuna madaraja matano ya kupanda. Asubuhi darasa, mchana mazoezi, jioni jukwaani. Wakifika miaka 42 wanastaafu kwa pensheni, maana goti na kifundo cha mguu havisubiri miaka 60.

Mwaka 2019 serikali ya Ufaransa ilitaka kufuta mpango huo wa pensheni. Wakagoma. Waliambiwa mabadiliko yatawahusu watakaoajiriwa baadaye tu, nao wakakataa kuwauza wadogo zao. Desemba 24 wakatoka na mavazi yao, wakacheza hapa hapa nje, kwenye baridi, watu wamejaa barabarani. Kila nikipita hapa nawavulia kofia.

Na baba asiseme ni mambo ya Wazungu. Guillaume Diop, baba yake Msenegali, alipewa daraja la juu kabisa Machi 2023, mchezaji mweusi wa kwanza kulifikia hapa. Tena ni mwanamume.

Sasa umri. Shule ya Opera inachukua watoto hata wa miaka 8, kwa hiyo wenzake wamemtangulia. Lakini Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika daraja la juu American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la huko Marekani. Msimkatie tamaa. Ila shule asiache, nalisema hili kwa mkazo: hata akifaulu, akiwa na miaka arobaini na kitu atahitaji kazi nyingine, na wengi huumia mapema zaidi.

Mama, kabla hujalipa ada kwa mwalimu yeyote hapo Dar, ingia darasani kwake uangalie chini. Kama ni saruji au vigae vitupu, tafuta kwingine. Mtoto anayeruka kila siku anahitaji sakafu ya mbao inayonesa kidogo. Mwalimu anayejua kazi yake atakuonyesha sakafu hata kabla hujamuuliza.