Kabla ya Kuomba Ruzuku, Jua Mtoto Mmoja Anakugharimu Nini

Ndugu zangu wenye vituo vya kulea watoto, leseni mnazo, kwa hiyo masharti ya kuipata, upana wa madirisha na mengineyo, tuyaache. Mmekuja kuuliza fedha zinapatikana wapi. Nitafika huko. Kwanza nijibuni: mtoto mmoja anakugharimu kiasi gani kwa mwezi? Sisemi anakulipa kiasi gani.

Naona vichwa vimeinama. Haya, tuhesabu, na waliokwisha kunisikia wanivumilie.

Tuseme una chumba cha watoto wachanga 8, na masharti ya leseni yako yanataka mlezi 1 kwa kila wachanga 4. Kwenye ombi la ruzuku unaandika: walezi 2. Umeshajikata! Kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kinafungwa saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa 11. Walezi 2, mara saa 11, mara siku 5: saa 110 za kazi kwa wiki. Kama mlezi anafanya saa 40, unahitaji walezi 2.75, na robo tatu ya mtu haiajiriki. Weka mapumziko ya mchana, likizo na siku za kuugua, huyo wa tatu ni mtu kamili mwenye mshahara kamili. Ruzuku inalipa wawili. Wa tatu unamlipa kwa pesa ya kula nyumbani kwako, au unaingia chumbani mwenyewe bila malipo halafu unajisifu kwamba gharama zako ni ndogo. Jasho lako nalo ni gharama. Liandike.

Sasa aondoke mtoto mmoja. Ada imepungua asilimia 12.5, walezi ni walewale, kodi ni ileile. Aje wa tisa? Unatafuta mlezi mwingine kwa ajili yake peke yake. Ndiyo maana gharama za chumba zinagawanywa kwa watoto waliopo na wanaolipiwa. Nafasi tupu iliyoandikwa kwenye leseni hailipi umeme.

Kuna anayenong'ona pale nyuma: "Mimi niliingia kazi hii kwa kupenda watoto, si kwa mahesabu." Vizuri. Walezi wako nao wanawapenda, na mwisho wa mwezi wanapanga foleni mlangoni kwako.

Haya, fedha. Ruzuku nyingi ni za kurejeshewa: unatumia, unapeleka risiti, unasubiri. Wakichelewa siku 60, uwe na akiba ya kubeba miezi miwili, la sivyo ruzuku yenyewe ndiyo itakayokufungia kituo. Ruzuku ya vifaa ibaki ya vifaa. Ukiichota kulipia mshahara "kwa siku tatu tu", mkaguzi atakudai uirudishe. Ifungulie akaunti yake. Na daftari la mahudhurio lisainiwe mtoto anapofika na anapochukuliwa. Lililojazwa lote Ijumaa kwa kalamu moja, mkaguzi analijua kabla hajavuta kiti.

Mkopo ni wa kitu kitakachoongeza watoto wanaolipiwa, kama chumba kipya au uzio unaotakiwa ili nafasi ziongezwe. Usikopee mshahara. Riba nilitaka tuichambue, lakini naoneshwa saa.

Ofisi iliyokupa leseni mara nyingi ndiyo inayojua mafunzo na ruzuku zilizofunguliwa. Kaulizeni, lakini nendeni na ile namba: mtoto mmoja anakugharimu kiasi gani kwa mwezi. Mwenye kalamu na karatasi abaki, tuanze na chumba chake.