Joto Lilipotea Hewani?

Walimu wenzangu, na nyie vijana mliojazana kule nyuma, karibuni. Leo nina ugomvi na sentensi moja. Kila ripoti ya jaribio la kalorimita, lile kopo la kupimia joto, huishia nayo: "Joto lilipotea hewani." Anaiandika aliyepata jibu pungufu, na aliyepata lililozidi anaiandika vilevile. Sasa kama joto limepotea, jibu limezidije?

Tuchukue kipande cha shaba cha gramu 100, tukipashe kwenye maji yanayochemka, kisha tukitumbukize kwenye gramu 100 za maji ya nyuzi 25, ndani ya kopo la shaba la gramu 50. Jibu tunalolitafuta ni joto mahususi la shaba, yaani joto linaloipandisha kilo moja yake kwa nyuzi moja: ni kama jouli 390 kwa kilo kwa kila nyuzi. La maji ni 4,200. Pigeni hesabu: maji yatapanda nyuzi sita hivi. Sita tu! Ukikosea nusu nyuzi kwenye themomita, asilimia nane imekwenda, na hewa haijahusika kabisa. Ongezeni shaba, punguzeni maji, mradi kipande kizame chote. Kulisahau kopo kwenye hesabu kunashusha jibu kwa asilimia nne nyingine.

Sasa kiangalieni kipande kinapotoka kwenye maji yanayochemka. Kimelowa, na chini yake limening'inia tone. Gramu moja ya maji hayo inabeba joto sawa na gramu 11 za shaba. Likiingia koponi, mwanafunzi analihesabu kuwa la shaba, na jibu linapanda kwa asilimia 11. Akichelewa njiani, kipande kinapoa, na maji yanayovukiza juu yake yanazidi kukipokonya joto, jibu linashuka. Ndiyo maana mtu akiniletea 390 kamili, namwuliza kwanza kipande kilivukaje kutoka moto hadi koponi. Huenda makosa mawili yamefichiana siri. Ni afadhali kukipasha ndani ya neli kavu iliyozamishwa kwenye maji yanayochemka, na themomita iwe humohumo pamoja nacho.

Hapa Arusha tuna na letu. Tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Anayeandika 100 kwa kuwa kitabu kimesema, atapata kama 360. Dar es Salaam angesalimika.

Kuhusu joto linalotoroka kweli, wengi wanaijua mbinu ya mwanasayansi Rumford: anza na maji baridi kuliko chumba, umalizie juu ya joto la chumba kwa kiasi kilekile, ili joto linaloingia mwanzoni lifidie linalotoka mwishoni. Ni nzuri unapopasha polepole kwa umeme. Kwa shaba ya moto siiamini sana, maana maji hupanda upesi, kisha yanakaa muda mrefu upande wa joto yakipoteza. Afadhali usome themomita kila nusu dakika, kabla na baada ya kutumbukiza, uchore grafu, kisha mstari wa kupoa uurudishe nyuma hadi wakati wa kuchanganya.

Na walimu wa pwani, mkipoza maji kwa ajili ya mbinu hiyo, msizidishe barafu. Kopo likipoa sana, umande unatanda nje yake, na gramu moja ya umande huo inaliachia kopo jouli 2,400 hivi. Kipande chetu chote kilitoa kama 2,500.

Haya, maswali.