Del Griffith alikuwa akienda wapi?

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kubaki vitini. Filamu ya Planes, Trains and Automobiles mmekwisha kuitazama, kwa hiyo siri yake naitaja bila kumharibia mtu starehe. Marie, mke ambaye Del hachoki kumsema, alifariki miaka 8 kabla ya safari hii, na tangu hapo Del hana nyumba. Lile sanduku zito analolikokota ndiyo maskani yake.

Ukishalijua hilo, ukiirudia filamu utaiona nyingine kabisa. Mara ya kwanza tunasafiri na Neal Page, mtu wa matangazo ya biashara anayetaka kutoka New York na kufika Chicago kabla ya Siku ya Shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba ambapo Marekani nzima huwa njiani. (Fikirieni stendi ya Magufuli pale Mbezi wiki ya Krismasi.) Theluji inaifunga Chicago, ndege inashushwa Wichita, treni inaharibika, gari la kukodi linaungua. Kila mara pembeni yake yupo Del, huyu bwana mnene, muuza pete za mapazia ya bafuni, anayeongea bila kituo. Tunamhurumia Neal. Mara ya pili tunajiuliza: Neal anakimbilia kwa mke na watoto, huyu mwenzake je?

John Hughes, aliyeiandika na kuiongoza mwaka 1987, alijulikana kwa filamu za vijana wa shule. Kabla ya sinema alifanya kazi ya matangazo Chicago, na aliwahi kukwama Wichita akitafuta njia ya kurudi nyumbani. Hasira za Neal anazijua toka ndani. Ndiyo maana sioni tatizo na kile kipande cha kaunta ya magari ya kukodi, ambapo Neal anaporomosha tusi lile lile karibu mara 20 kwa dakika moja hivi. Kilisababisha watoto wazuiwe kuingia peke yao, lakini ni hasira ya kweli ya msafiri, na jibu fupi la mhudumu, anayeigizwa na Edie McClurg, linammaliza kabisa.

Nataka nikae zaidi kwenye chumba cha moteli. Neal anamvaa Del: hadithi zako hazina kichwa wala miguu, unachosha! John Candy, anayemwigiza Del, hajibu upesi. Anapokea maneno yote usoni, kisha anasema anajipenda alivyo, mkewe anampenda, wateja wake wanampenda. Mkewe anampenda, anasema, kana kwamba Marie bado yupo! Tulilipita neno hilo tukidhani ni majigambo ya mume.

Candy alikulia Ontario, akapata jina katika kundi la vichekesho vya televisheni la SCTV la Toronto, ambako wachekeshaji walizoea kugeuka watu wa kila aina. Alifariki Machi 1994 huko Durango, Mexico, katikati ya kurekodi filamu, akiwa na miaka 43. Sifa nyingi za filamu hii huenda kwake, na ni haki yake.

Ila mimi nina kesi ya kumtetea Steve Martin, anayemwigiza Neal. Huyu ndiye aliyejaza kumbi kubwa miaka ya 1970 akiwa peke yake jukwaani, na mshale wa bandia uliopenya kichwa. Mtu wa namna hiyo kukubali kuwa ukuta ambao mwenzake anaurushia mpira, hilo si jambo dogo. Wachekeshaji wengi wangegombea kicheko. Martin anamwachia Candy chumba kizima, na bila uso wake unaolegea polepole, maneno ya Del yangebaki hotuba tu.

Kasoro zipo. Kituko cha wanaume wawili kuamka wamekumbatiana, kisha wakaruka na kuanza kuzungumzia mpira, kimechakaa, na muziki wa mwishoni unatuvuta machozi kwa nguvu. Neal akiwa peke yake kwenye treni, akiunganisha maneno ya Del moja moja hadi anaelewa, alitosha bila zile ala.

Sasa, kabla ya maswali, nimemwomba kijana wa mitambo aturudishie kipande cha moteli bila sauti. Candy mwacheni, mtazameni Martin.